Chembe ndefu siyo tekscha, jamani

Nimeikuta tena, safari hii kwenye ripoti ya kijana wa uhandisi hapa Mbeya: "Waya ukivutwa chembe hurefuka, na hiyo ndiyo tekscha." Hata mafundi wa kuwaindi mota pale Mwanjelwa siku hizi wananieleza hivyohivyo. Wao nawasamehe, wameambiwa na wasomi.

Kurefuka kupo, sibishi. Fimbo ya shaba ya milimita 8, ukiipitisha dai baada ya dai (dai ni tundu gumu la kuvutia waya) hadi ibaki milimita 1, inarefuka mara 64 na chembe zake, zile fuwele ndogondogo zinazounda metali, zinarefuka nayo. Hilo ni umbo. Tekscha ni uelekeo: safu za atomi ndani ya chembe zimelalia wapi ukilinganisha na mhimili wa waya. Chukua ubao wa paini wa Sao Hill, kata kipande cha mchemraba. Si kirefu tena, ila nyuzi za mti bado zinaelekea kulekule.

Uelekeo huo unatokana na mteleko. Tabaka za atomi huteleza kwenye bapa maalumu na kufuata pande maalumu tu. Shaba ina mifumo 12 ya mteleko, kila mmoja bapa na upande wake. Chembe imebanwa na majirani, kwa hiyo kila inapoteleza inalazimika pia kugeuka kidogo, dai hadi dai, mpaka ifike mkao ambao miteleko yake inasawazishana. Kwenye shaba mikao hiyo ni miwili: atomi zake zimepangwa kimchemraba, basi ama ulalo wa mchemraba huo, kona hadi kona kupitia katikati, unafuata waya, yaani 111, au ukingo wake, 100. Alumini huegemea sana 111. Kuuzunguka mhimili, kila chembe inakaa itakavyo.

Sasa njoo kwenye waya wa chuma, ule wa misumari. Wenyewe hukaa 110, yaani ulalo wa uso mmoja wa mchemraba ukifuata waya. Katika mkao huo, miteleko inayofanya kazi huibana chembe upande mmoja na kuuacha upande wa pili karibu vilevile. Chembe inageuka utepe, na kwa kuwa waya lazima ubaki wa duara, tepe hizo hujikunja na kuzongana. Kata waya kwa upana uone. Umbo limezaliwa na uelekeo! Nyie mnaimba kinyume chake.

Halafu ipashe ile shaba moto ilainike. Chembe ndefu zinatoweka, zinazaliwa mpya zisizorefuka upande wowote. Kwa hoja yenu tekscha imekwisha. Eksirei inaikuta ipo, mara nyingi 100 ikiwa imeongezeka. Kwa nini 100? Kuna wanaosema chembe za 100 ndizo zinazozaliwa kwa wingi, kuna wanaosema ndizo zinazokua haraka, na ugomvi huo ni wa miaka mingi. Vitabu huchagua upande mmoja na kufungua sura nyingine. Hata hesabu ya Taylor ya 1938 ya jinsi chembe zinavyoteleza, tunayoitegemea wote, hutoa tekscha kali kuliko tunayopima.

Umeme hauhusiki: fuwele ya mchemraba huupitisha sawasawa pande zote. Unyumbufu ndio unaohusika. Ukaidi wa shaba ya 111 ikivutwa ni takriban gigapaskali 191, ya 100 ni 67 tu, na tofauti hiyo ndiyo huamua waya utamfyatukia fundi kiasi gani akishauwaindi.

Ukitaka kupima, kwanza ondoa ngozi ya waya kwa asidi. Msuguano wa dai huipa ngozi mkao wake tofauti na wa kiini, na eksirei ya kawaida haifiki kiini.