Hakuna kopo la siri kutoka kwao

Wiki iliyopita amekuja tena mmoja. Binti wa chuo, mpole, alikaa kwenye benchi mpaka wateja wakaisha, ndipo akasogea na kuninong'oneza kama aliyefika kwa mganga: "Dada, sitaki huduma. Nataka tu kujua huwa unachanganya nini."

Nina miaka kumi na moja kwenye kazi ya ngozi hapa Makole, Dodoma, na swali hilo limenichosha. Huyu alikuja na ushahidi kabisa. Kasoma kwenye simu habari za Helena Rubinstein, mhamiaji aliyetajirika kwa makopo kumi na mawili ya krimu aliyofungiwa na mama yake safarini. "Unaona, dada? Naye alikuwa na siri ya kwao."

Siri ya kwao! Mwanamke akifanikiwa kwenye ngozi, na hasa akiwa mgeni, watu hawaulizi anafanyaje kazi, wanatafuta kopo. Mkongo ana dawa ya Kongo, Mrundi ana mafuta ya bibi, Mzungu ana mitishamba ya milimani. Kichwani, mikononi na machoni mwake hamna kitu.

Sasa tuseme ukweli wa huyo Helena. Alizaliwa Kraków, Poland ya leo, mwaka 1872. Mwaka 1896 akavuka bahari hadi Australia, kwa mjomba wake huko Coleraine, jimbo la Victoria, sehemu iliyojaa kondoo. Mtaji hana, Kiingereza cha kubahatisha. Akakuta wanawake wa huko wamepauka kwa jua na upepo. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa hilo. Alipofungua duka Melbourne, mwanzoni mwa miaka ya 1900, krimu yake aliiita Valaze, akatangaza kwamba imebuniwa na daktari mmoja Lykusky kwa mimea ya milima ya Carpathia, huko kwao Ulaya. Hadithi tamu, na wateja waliipenda. Lakini msingi wa krimu za namna ile ni lanolini, yaani mafuta yanayotoka kwenye sufu ya kondoo, na Victoria ilikuwa na sufu ya kumwaga. Kazi ilikuwa kuyaondolea harufu, ndiyo maana maua yakahitajika. Kwa hiyo uongo wa "siri ya kwao" aliueneza mwenyewe, kwa kuwa ulikuwa unauza. Sisi tunaufuata mpaka leo kana kwamba ndio ulioijenga kampuni.

(Nikisimulia hili, hakosi mtu wa kuniuliza kama apake mafuta ya mkia wa kondoo. Hapana, mama. Lanolini iko kwenye sufu, na kondoo wetu wengi wana nywele fupi tu. Mafuta ya mkia yabaki jikoni.)

Alichofanya Helena ni kumkalisha mteja na kumtazama. Huyu ngozi kavu, huyu ya mafuta, yule mchanganyiko, na kila mmoja akaelekezwa cha kwake. Bei aliiweka juu kwa makusudi. Mwaka 1908 alikuwa London, na wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia akahamia New York. Mwaka 1928 aliiuza biashara yake ya Marekani kwa benki ya Lehman Brothers kwa dola milioni 7.3, na soko la hisa lilipoanguka akainunua tena kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo. Hapo niambie, kopo liko wapi?

Kinachonikasirisha si hadithi yenyewe, ni madhara yake. Anayeamini kopo la siri ndiye anayenunua kopo lisilo na lebo. Mkorogo wa namna hiyo mara nyingi una tyubu za steroidi, yaani dawa kali za ngozi kama betamethasoni au klobetasoli, na wakati mwingine haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi. Wiki za kwanza unang'aa. Kisha ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, mishipa inaonekana, chunusi na ndevu zinaota. Ukiacha ghafla, uso unawaka moto. Wakinijia katika hali hiyo siwagusi, nawaelekeza kwa daktari wa ngozi.

Imani nyingine za ngozi nitazipitia haraka. "Ngozi nyeusi haihitaji losheni ya jua." Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, inasaidia, ndiyo, lakini anayetibu madoa ya chunusi bila kujikinga na jua anafagia uwanja huku upepo wa Julai unavuma. Kwa mwenye ualbino tusiite hata urembo, ni kujikinga na saratani, na kule hospitali ya KCMC, Moshi, wanatengeneza losheni kwa ajili yao. "Kunywa maji mengi ngozi isipauke." Kunywa, lakini hayatafika kwenye visigino. Kinachosaidia ni kupaka mafuta ukitoka kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando ya bei poa yaliyopakwa hivyo yanaishinda krimu ya elfu arobaini iliyopakwa kwenye ngozi iliyokwisha kukauka. Hili nitalisema mpaka nizeeke.

Na "wageni ndio wanaotumalizia wateja wa saluni"? Amri ya Serikali ya Tanzania iliyotangazwa Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara ya saluni, isipokuwa hotelini au kwa shughuli za utalii. Kisingizio hicho kimekwisha, mtafute kingine.

Turudi kwa yule binti wa chuo. Nilimwonyesha ninachochanganya: daftari. Jina la mteja, alikuwa anapaka nini kabla hajaja, nimempa nini, tarehe, alirudi akiwaje. Miaka kumi na moja ya majina. Akalifungua, akalifunga, akanitazama kama ninayemficha. Akaondoka bila kuaga vizuri.

Jumatatu amenitumia ujumbe: "Dada, lile daftari ni la kurasa ngapi?"

Nikamjibu: "Kaunta buku, kwaya tatu."