Watoto wa Batwa na sayansi ya mazingira: sekisio na cheti cha kuzaliwa vitayarishwe mapema

Kila uandikishaji unapofunguliwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, vijana Batwa (jamii ya asili ya msituni) wa Kabare na Kalehe wanakuja kuomba masomo ya mazingira, na mambo mawili yanawakwamisha: sekisio (mkondo wa masomo ya sekondari) waliyosoma na karatasi wasizokuwa nazo.

Sekisio inachaguliwa baada ya mwaka wa 8. Walimu wakuu, tafadhali, msiwasukume wote kwenye pedagojia (sekisio ya ualimu). Mwanafunzi wa mazingira anapima pH (kipimo cha asidi), oksijeni na metali ndani ya maji. Maji ya pH 6 yana asidi mara 10 kupita ya pH 7. Kipimo hicho ni cha logarithimu; asiyeisoma ataandika namba asiyoielewa. Mtoto ambaye babu yake amemfundisha mti gani unazaa msimu gani ana mwanzo mzuri wa ekolojia. Anachokosa ni hesabu na kemia, na hivyo vinafundishwa darasani.

Tuache pia kusema kazi ya mazingira ni kupanda miti au kulinda hifadhi ya Kahuzi-Biega tu. Plastiki inaziba bwawa la umeme la Ruzizi I, udongo unaporomoka mjini, wachimba dhahabu wanatumia zebaki, na Ziwa Kivu lina gesi ya metani ndani ya maji yake ya chini. Yote yanahitaji wapimaji.

Sheria nambari 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za jamii za asili kama Batwa. Haimpi mtu diploma. 50% ya mtihani wa serikali ni 50% kwa wote.

Sasa cheti. Mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, bila malipo. Muda ukipita, ofisi ya hali ya raia haiwezi kumwandika yenyewe. Mzazi wa mtoto chini ya miaka 18 aende tribinali ya watoto na karatasi ya hospitali, au mashahidi kama alizalia nyumbani. Akipewa hukumu, aombe na cheti cha kutokata rufaa, kisha avipeleke vyote kwa afisa wa hali ya raia ainakili hukumu katika kitabu. Wengi wanasimama kwenye hukumu, wanadhani imekwisha. Haijaisha. Jina na tarehe vifanane herufi kwa herufi na vya bulletini (ripoti ya shule). Vikitofautiana, faili inarudishwa.

Msinunue cheti kwa watu wa njiani. Kughushi karatasi ni kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5 pamoja na faini, au moja ya adhabu hizo, na anayeitumia akijua anaadhibiwa sawa na aliyeitengeneza.