Glaida haianguki kama jiwe

Wengi huamini kwamba glaida, kwa kuwa ni ndege isiyo na injini, ikishaachia kamba ya kuivuta huanguka kama jiwe. Sivyo. Glaida ya kisasa yenye mabawa ya mita 15 husonga mbele mita 40 hivi kwa kila mita moja inayoshuka.

Kasheshe iko kwenye kutua, hasa upepo ukivuma kutoka ubavuni. Rubani hushuka pua ikielekea kidogo upande upepo unakotoka, kisha huinyoosha ilingane na njia ya kutua kwa usukani wa mkia muda mfupi tu kabla ya kugusa ardhi. Akichelewa, gurudumu kuu, ambalo ni moja tu, hutua kimshazari. Hata akiwahi, hatari bado ipo. Mwendo ukipungua usukani hukosa nguvu, ncha ya bawa hunasa kwenye nyasi ndefu, ndege hugeuka ghafla. Mkia mwembamba unaweza kukatika hapo hapo, rubani akidhani ameshafika.