Marubani wakitumwa nyumbani: yale watu husema na vile mambo yalivyo

Mwisho wa Machi 2020, siku chache tu kabla Nairobi ifungwe juu ya korona, mdogo wangu alishuka matatu hapa Mamboleo, Kisumu, na masanduku mawili na kofia yake ya kazi ameishika mkononi juu hakutaka ikunjike. Alikuwa kopailoti, yaani rubani msaidizi, miaka miwili na miezi kadhaa kazini. Majirani walikuja kusema pole, na kila mmoja akitoka anaongeza ile sentensi, ati "lakini nyinyi mko sawa, mtu wa ndege huwa amejipanga." Nimeishi na hayo maneno hadi leo. Kila mara kampuni ya ndege mahali ikianza kutuma marubani nyumbani, iwe hapa iwe Marekani, nayaskia tena kwa kinyozi, kwa stage ya nduthi, hata nje ya kanisa. Wacha niyajibu, na mengine nitayapitia haraka juu si yote yana uzito sawa.

"Wametumwa likizo, watarudi."

Shida inaanza na neno lenyewe. Uingereza mwaka huo walikuwa wanaita falo ule mpango wa serikali kumlipa mfanyakazi aliyekaa nyumbani 80% ya mshahara wake, lakini isizidi pauni 2,500 kwa mwezi, kwa hivyo watu wengi wakiskia falo wanajua pesa bado inaingia. Kwa marubani wa Marekani neno ni hilo hilo lakini maana ni nyingine kabisa. Mshahara unakatika, unachobaki nacho ni namba yako kwa orodha ya marubani, inayopangwa kwa kufuata nani aliingia kazini kwanza, na haki ya kuitwa kazi ikirudi, na hakuna anayekuambia itarudi lini. Serikali yao ilizipa kampuni pesa za kulipa wafanyakazi kwa sharti kwamba mtu asifutwe hadi 30 Septemba 2020. Kesho yake, tarehe 1 Oktoba, American Airlines ikatuma nyumbani watu kama 19,000, na karibu 1,600 kati yao walikuwa marubani. Likizo huwa na tarehe ya kurudi, hiyo haikuwa nayo.

Sisi sheria yetu ya ajira ya 2007 haina kitu kama falo. Iko na kifungu cha 40 cha kupunguza wafanyakazi, kinachosema upewe notisi ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Fanya hesabu ya kijana wa miaka miwili: siku 30. Na loni ya kusomea urubani ilikuwa bado na miaka mbele. Kampuni yake hata huko haikufika, walileta karatasi moja ya "likizo bila malipo", tia sahihi hapa, basi.

"Si aende kampuni ingine? Marubani wanatafutwa kila mahali."

Wanatafutwa ndege zikiruka. Ndege zikikaa chini zinakaa chini dunia nzima kwa wakati mmoja, na kila mlango unaobisha unakuta ndani pia wanahesabu nani atoke. Halafu rubani hahami kama mwalimu anavyohama shule. Leseni yake inataja aina ya ndege aliyofunzwa, ukienda kwenye ndege nyingine unaanza mafunzo upya na kuna mtu lazima ayalipie. Na pale unapoingia, hata kama umekuwa kapteni miaka kumi na tano, mara nyingi namba yako ni ya mwisho kwa orodha. Mshahara, ratiba, Krismasi nyumbani, yote yanafuata hiyo namba. Ndio maana utaona mtu anangojea kampuni yake miezi kumi na nane badala ya kuondoka, si uvivu.

"Kazi ameisomea, haiwezi kumtoka."

Hii ilikuwa inamuuma sana mdogo wangu. Kubeba abiria lazima uwe umeruka na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita. Kuna mtihani wa simuleta, ile mashine ya mafunzo inayoiga ndege, kila miezi sita, kuna cheti cha daktari, na kila kimoja kikiisha muda kinafaa kufanywa upya kwa pesa. Alibandika ukutani picha kubwa ya swichi na saa za chumba cha rubani, kipande kwa kipande na selotepu, pale sebuleni kwa mathe juu ya kabati la vyombo. Saa kumi na moja asubuhi ungemkuta kwa stuli ya jikoni mkono unatembea juu ya hizo karatasi, anagusa, anataja jina, anahamia ingine, mdomo unasema maneno ambayo angejibiwa na kapteni kama kapteni angekuwepo. Kila asubuhi, miezi. Mathe alikuwa anasogeza sufuria ya uji polepole ili asimvuruge.

"Wapunguzwe mshahara kidogo, kila mtu abaki na kazi, wanakataa juu ya tamaa."

Hapa ndipo nataka tukae, juu hii ndiyo watu wanaiamini kabisa, na nusu yake ni kweli, ndio inakuwa ngumu kuijibu.

Nusu ya kweli ni hii. Chukua mfano wa kampuni ya marubani 100, wastani wa mshahara tuseme laki nne, wale wapya laki mbili. Bili yote kwa mwezi ni milioni 40. Kila mtu akikubali kukatwa 10% kampuni inaokoa milioni nne, na milioni nne ni mishahara ya vijana 20 wa laki mbili mbili. Kwa hivyo wakubwa wakijinyima kidogo wanaweza kweli kushikilia vijana wengi. United, kampuni nyingine ya Marekani, walifanya kitu cha aina hiyo Septemba 2020: marubani 2,850 walikuwa karibu kutumwa nyumbani, chama kikapiga kura, wakakubali kugawana saa chache zilizokuwepo ili hakuna anayetolewa hadi Juni 2021. Angalia kilichokatwa ni saa, bei ya saa haikuguswa. Na kulikuwa na tarehe.

Nusu isiyo kweli ni kwamba ukikatwa kazi imebaki. British Airways Julai mwaka huo huo marubani walipiga kura, 85% wakakubali kukatwa mshahara 20%, ukipungua hadi 8% ndani ya miaka miwili na baadaye kuisha kabisa. Hata hivyo 270 walipoteza kazi. Bila hayo makubaliano wangekuwa wengi zaidi, sikatai, lakini usimwambie mtu wa hao 270 kwamba wenzake walijinyima na yeye akapona.

Upande mwingine, Southwest ya Marekani waliomba marubani wakatwe 10% Oktoba, ni kampuni ambayo tangu ianze kuruka 1971 haikuwahi kufuta mtu kwa kukosa kazi. Vyama vikasitasita. Desemba bunge likatoa pesa zingine, na ombi likaondolewa. Hapo pia usijidanganye kwamba kukataa ni salama, pesa za serikali ndizo ziliwaokoa, na si kila nchi iko na hizo pesa.

Na kuna kumbukumbu ambayo rubani wa Marekani hawezi kuisahau. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kampuni kubwa moja baada ya nyingine ziliingia kotini kwa kufilisika, United Desemba 2002, US Airways mara mbili, na mikataba ikafunguliwa upya, mishahara ikashuka na pensheni zikavunjwa. Mnajua yule kapteni Sullenberger aliyeshusha ndege kwa mto Hudson Januari 2009 na watu wote 155 wakatoka hai? Mwezi uliofuata alikaa mbele ya bunge lao akasema mshahara wake ulikatwa 40% na pensheni ikafutwa. Kwa hivyo kapteni wa miaka 55 akiambiwa "punguza kidogo kwa muda tu", yeye anakumbuka kile "muda tu" kilifanya mara ya mwisho.

Mdogo wangu na wenzake walikuwa na grupu yao ya WhatsApp, na ule wiki walioletewa pendekezo la kukatwa, simu haikulala. Nakumbuka usiku stima ilikuwa imepotea, tumekaa na tochi, anacheza vois noti ya kapteni mmoja mzee ya dakika kumi na moja. Mzee hakusema ndio wala hapana. Alikuwa anauliza asilimia inarudi mwezi gani, nani anapima kama kampuni imepona, wakiajiri watu wapya kabla ya kuwarudisha walio nyumbani itakuwaje. Mathe ameuza omena Kibuye zaidi ya miaka thelathini na kila deni liko kwa kitabu chake cha mistari. Alisikiza yote mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Hayo yote yameandikwa wapi?"

Hayakuwa yameandikwa. Pendekezo lilisema mishahara itaangaliwa tena hali ikiruhusu. Mdogo wangu alipiga kura ya hapana, na watu walimuita mchoyo, yeye ambaye hakuwa hata na mshahara wa kukatwa wakati huo.

"Watolewe wazee, ndio wanakula pesa nyingi."

Kwa karatasi inaonekana sawa. Lakini ukimtoa kapteni wa ndege kubwa, kuna mtu lazima apande nafasi yake, na wa chini yake apande ya huyo, na kila anayesogea anaingia simuleta wiki kadhaa akilipwa bila kubeba abiria hata mmoja. Kutoa mmoja juu kunasukuma wengi chini. Ndio maana orodha hukatwa kutoka mkia. Hata sheria yetu kwa kifungu hicho cha 40 inataja muda wa mtu kazini kati ya vitu vya kuangaliwa, pamoja na ujuzi na uwezo.

Kinachouma vijana ni kwamba orodha inasonga mzee akistaafu, na Marekani Desemba 2007 waliinua umri kutoka 60 hadi 65. Kwa waliokuwa nyumbani wakingoja kuitwa, mlango ulikaa umefungwa miaka mingine mitano.

"Wale wa 2022 walitaka nyongeza tu."

Hapana. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways kupitia chama chao cha KALPA waligoma kuanzia tarehe 5, abiria wakakwama, na najua watu wa hapa Kisumu walioumia, siwezi kusema ilikuwa jambo dogo. Mahakama iliwarudisha kazini ndani ya siku chache. Lakini kubwa kati ya madai yao ilikuwa mchango wa kampuni kwa mfuko wao wa kustaafu, uliosimamishwa wakati wa korona, na mishahara ya 2020 iliyoahirishwa. Ilikuwa pesa ya zamani ambayo waliambiwa wangojee. Kampuni nayo ilikuwa kwa shimo kweli, hasara ya bilioni 36.2 mwaka wa 2020 na bilioni 38.3 mwaka wa 2022, na faida haikuonekana hadi 2024. Wote wawili walikuwa wanasema ukweli, na hiyo ndiyo inafanya haya mazungumzo yawe magumu hivi.

Kuna kitu kingine wafanyakazi wengi wa kawaida hawajui, si marubani pekee: kifungu cha 10 cha sheria hiyo hiyo kinasema mwajiri akibadilisha mambo kama mshahara lazima ashauriane na wewe na akujulishe kwa maandishi. Tangazo ukutani halitoshi.

Mdogo wangu aliitwa tena 2021, kwa mshahara uliokatwa, lakini safari hii karatasi ilikuwa na mwezi na asilimia. Aliisoma kwa simu kwa mathe kabla ya kutia sahihi, mstari kwa mstari akimtafsiria, na mathe akamwambia aandikiwe nakala mbili. Ile picha ya swichi bado iko juu ya kabati. Selotepu imekuwa ya manjano na kona moja imeanguka, lakini mathe amekataa itolewe.