Mashine ya kusaga ya Kibosho na mapanga ya Turkana

Nilipokuwa mtoto huko Kibosho, juu ya mji wa Moshi, mama alikuwa akinituma kusaga mahindi kwenye mashine ya dizeli iliyokuwa na gurudumu zito la chuma ubavuni mwa injini. Debe lilipomiminwa mdomoni mwa mashine, mlio ulishuka na kuwa mnene kwa sekunde moja au mbili, kisha ukapanda tena. Mwenye mashine alikuwa akitukaripia: “Mwageni taratibu, mtaizima!” Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshasomea umeme wa msongo mkubwa, ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikitendeka pale. Kwanza gurudumu lilikopesha nguvu iliyokuwa imehifadhiwa katika mzunguko wake, na ndiyo maana lilipungua kasi. Halafu gavana, kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, ikafungua dizeli zaidi.

Gridi ya Taifa, yaani mtandao wa umeme nchini, hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na hapa nataka kueleza jinsi mitambo ya upepo inavyoweza kuisaidia. Jenereta zilizounganishwa pamoja hubeba mapigo mamoja, ambayo kwetu ni 50 kwa sekunde, na wataalamu huyaita masafa. Mtambo mmoja ukitripu, yaani ukijikata ghafla kutoka kwenye gridi, taa, mota na friji zetu huendelea kuvuta umeme kana kwamba hakuna kilichotokea, na pengo hilo hulipwa papo hapo na uzito wa rota, yaani sehemu zinazozunguka, katika mitambo iliyobaki. Masafa yakishuka kupita kiasi, vifaa vya ulinzi huanza kukata laini moja baada ya nyingine ili kuokoa kilichobaki, na aliyeko Pasua au Majengo hapa Moshi hujikuta gizani ingawa hitilafu yenyewe imetokea mamia ya kilomita kutoka kwake.

Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa, kila moja ya megawati 235. Rota zake ni nzito, na hilo ni jambo la heri. Hata hivyo, mashine moja ikitoka ikiwa imebeba mzigo kamili, gridi yetu hupoteza kwa mkupuo sehemu ya kumi hivi ya matumizi yake ya juu, na maji yana tabia ambayo watu wengi hawaijui: hayaharakishwi. Malango ya maji yanapofunguliwa zaidi, safu ndefu ya maji ndani ya bomba huchelewa kushika kasi, shinikizo kwenye mtambo hupungua kwanza, na umeme unaotoka hushuka kidogo kabla ya kupanda. Kwa hiyo katika sekunde zilezile ambazo gridi inahitaji msaada wa haraka, gavana ya mtambo wa maji bado inajikusanya.

Hapo ndipo mitambo ya upepo inapoingia, ingawa nianze kwa kukiri udhaifu wake. Mtambo wa kisasa haupeleki umeme wake wote kwenye gridi moja kwa moja. Hupitisha wote, au sehemu yake, kwenye kifaa cha kielektroniki kiitwacho konveta, ambacho huyaachia mapanga, yaani mabawa marefu yanayosukumwa na upepo, yazunguke kwa kasi inayoufaa upepo wa wakati huo. Matokeo yake ni kwamba masafa yakishuka, mapanga hayana habari. Uzito wote ule wa rota unazunguka bila kumsaidia mtu, kama lile gurudumu la Kibosho likiwa limefunguliwa mkanda.

Dawa yake imo ndani ya konveta hiyohiyo, kwa kuwa inafuata programu. Ikielekezwa kuyatazama masafa, inaweza, ndani ya sehemu ya sekunde, kuvuta kwenye rota nguvu zaidi ya ile inayoletwa na upepo kwa takriban sekunde 10, muda unaotosha maji kujikusanya. Huu ni mkopo, si zawadi. Mapanga hupungua kasi, na baadaye lazima yarudishiwe nguvu yaliyotoa, hivyo umeme wa mtambo hushuka kwa muda chini ya kiwango chake cha awali. Mitambo yote ya eneo moja ikidai malipo yake kwa wakati mmoja, masafa yanaweza kuanguka mara ya pili, na kazi ngumu ya mhandisi ni kupanga urejeshaji huo uende polepole. Hydro-Québec ya Kanada, ambayo gridi yake ni ya maji karibu yote, ilikuwa miongoni mwa za kwanza duniani kuliweka sharti hili kwa mashamba ya upepo. Sioni ajabu kwamba wazo hilo lilishika mizizi kwa watu wa mabwawa.

Njia nyingine ni kuubana mtambo utoe tisini wakati ungeweza kutoa mia, ili kumi zibaki akiba. Inafanya kazi vizuri, ila mwenye mtambo atataka alipwe kwa upepo alioupoteza.

Tukio ambalo huwasimulia vijana ninaowafundisha kazi ni la Australia Kusini, tarehe 28 Septemba 2016. Dhoruba iliangusha minara ya njia za kusafirisha umeme, na volteji ikashuka ghafla mara sita ndani ya dakika mbili. Mashamba kadhaa ya upepo yalivumilia mishtuko ya mwanzo, kisha yakapunguza umeme kwa jumla ya megawati 456 ndani ya sekunde zisizofika saba. Njia inayoliunganisha jimbo na jirani yake ikazidiwa na kutripu, na jimbo zima likaingia gizani. Upepo ulikuwepo, mapanga yalikuwa mazima. Kilichoyatoa ni mpangilio wa ulinzi uliohesabu mishtuko na kuamua kwamba imetosha, mpangilio ambao waendeshaji wa gridi hawakuwa na habari nao. Mashamba hayo yalibadilishiwa mpangilio baada ya hapo.

Nasimulia haya kwa sababu upepo umeshafika mlangoni kwetu. Shamba la Ziwa Turkana nchini Kenya lina mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, na umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa, nchini humohumo. Njia ya kilovoti 400 kutoka Isinya, Kenya, hadi Singida, inayopita Arusha, iliwashwa mwishoni mwa 2024. Gridi mbili zinapoungana kwa njia ya namna hiyo, masafa yake huwa mamoja, na mtikisiko wa Turkana huonekana kwenye mita zetu za Kaskazini. Umeme wa Ethiopia ni tofauti kidogo, kwani unafika Suswa kwa njia ya mkondo mnyoofu (DC), ambayo haibebi mapigo ya upande wa pili.

Hapa nchini tuna mitambo michache tu kule Mwenga, Mufindi, na mipango ya Singida imezungumzwa kwa miaka mingi. Siku masharti ya kuunganisha shamba la Singida yatakapoandikwa, swali langu la kwanza halitahusu bei ya uniti. Nitauliza volteji ikishuka mara sita ndani ya dakika mbili mitambo hiyo itafanya nini, na nitaomba nione mpangilio wenyewe, namba kwa namba.