Kwa nini mwili unang'ang'ania chuma wakati chuma chenyewe hakipatikani kirahisi?

Hili swali naulizwa sana na wanafunzi, hasa wakishajua kwamba mama mjamzito anapewa vidonge vya kuongeza damu na bado damu inasumbua kupanda. Mi ni mtu wa biokemia, nipo Kigoma, na jibu langu huwa naanzia kwenye ndoo ya maji.

Kuna visima vya pampu maji yake yanatoka safi kabisa, unaona mpaka chini ya ndoo, ukiyaacha mpaka jioni unakuta yamekuwa rangi ya chai na chini kuna tope jekundu, basi watu wanalaumu bomba kwamba lina kutu. Bomba mara nyingi halihusiki. Kule chini ya ardhi hakuna oksijeni, na chuma pasipo oksijeni kinakaa kama ayoni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, hapa chaji mbili chanya, ambayo inayeyuka vizuri tu na huioni kwa macho. Kikipanda juu kikakutana na hewa kinanyang'anywa elektroni moja, chaji zinakuwa tatu, na hiyo aina ya pili haiyeyuki, inaganda inazama. Ndo lile tope.

Sasa bahari ya zamani, kabla ya hewa kuwa na oksijeni, ilikuwa kama hayo maji kabla hayajatoka kisimani. Chuma kilikuwa kimejaa kimeyeyuka humo, na uhai ulianzia humo humo, kwa hiyo molekuli za kwanza zilijengwa kwa kilichokuwepo. Oksijeni ilianza kujaa hewani miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita, chuma kikaganda, ila mitambo ilishajengwa tayari na huwezi kusimamisha uhai ili ubadilishe spea. Ndo maana mpaka leo tunahangaika kukitafuta.

Ushahidi ninaoupenda ni feredoksini, protini ndogo ya kupitisha elektroni, inayobeba vifundo vya chuma na salfa. Mwaka 1966 Richard Eck na Margaret Dayhoff waliipanga amino asidi kwa amino asidi (ndo matofali ya protini) wakaona nusu ya kwanza inafanana na nusu ya pili, yaani zamani kilikuwa kipande kifupi kikajirudia, na kimejaa zile amino asidi nyepesi nyepesi. Mi nikiiangalia naona chuma na salfa vilitangulia, protini ikaja kuvizunguka baadaye. Günter Wächtershäuser, mkemia wa Ujerumani ambaye kazi yake ilikuwa mwanasheria wa hataza, alienda mbali zaidi mwaka 1988 akasema uhai wenyewe ulianzia juu ya madini ya chuma na salfa. Hapo wengi wanabishana naye, na mi sijamkubali yote.

RNA, molekuli ndugu wa DNA inayobeba maelekezo ya urithi, nayo haiwezi kitu bila metali. Uti wake wote una chaji hasi, zinasukumana, haujikunji mpaka aje mtu wa kuzituliza, na huyo siku hizi ni magnesiamu. Thomas Cech alipoonyesha mwaka 1982 kwamba RNA inaweza kujikata yenyewe bila protini (Nobel akaja kuipata 1989 pamoja na Sidney Altman), magnesiamu ilikuwepo kwenye mchanganyiko. Halafu kikundi cha Loren Williams huko Georgia Tech, Marekani, wakatoa oksijeni wakaweka chuma cha chaji mbili badala ya magnesiamu, RNA ikajikunja vile vile na nyingine zikachapa kazi zaidi! Kwa hiyo inawezekana kabisa magnesiamu ni mrithi tu.

Watu huniuliza kama ziwa Tanganyika kule chini ndo bahari ya zamani, maana ukishapita mita 100 na kitu upande wetu oksijeni hamna, na ziwa linashuka mpaka mita 1,470. Inakaribia lakini siyo, kule kuna hidrojeni salfaidi, gesi yenye salfa, na hiyo inakamata chuma. Inayofanana kweli ni ghuba ya Kabuno, ziwa Kivu, Kongo, maji yake ya chini yana chuma kilichoyeyuka na kuna bakteria wanaotumia mwanga kukichukulia elektroni.

Shaba yenyewe ilichelewa, ilikuwa imefungwa na salfa mpaka oksijeni ilipoifungua. Kaa anatumia shaba kubeba oksijeni, ukimkata damu inatoka karibu haina rangi halafu hewani inaingia ubluu.

Na kama huna kaa, ng'oa mche wa maharage ambayo hayajaanza kukauka, osha mizizi, pasua kinundu kimoja kwa ukucha. Ndani kuna bakteria wanaonasa naitrojeni kwa kimeng'enya chenye chuma na molibdenamu, mtambo wa zamani ambao oksijeni inauua mara moja, kwa hiyo mmea unatengeneza protini ndugu wa hemoglobini yetu, nayo ina chuma, kazi yake kuishika oksijeni isimwagike ovyo mle ndani. Kinundu kikiwa chekundu au pinki kinafanya kazi. Kikiwa kijani au kahawia kimeshachoka, hapo shamba halipati naitrojeni kutoka kwake.