Kupinda kwa Sauti: Jinsi Hali ya Hewa ya Pwani Inavyoamua Kinachosikika

Kupinda kwa sauti ni kubadilika kwa mwelekeo wa mawimbi ya sauti yanapopita katika matabaka ya hewa ambayo kasi ya sauti ndani yake hailingani. Dhana hii ndiyo inayoeleza kwa nini, pwani, honi ya meli iliyo mbali huweza kusikika wazi jioni, ilhali mchana wake meli ileile ilipiga honi ikiwa karibu zaidi na isisikike kabisa.

Kasi ya sauti hewani hutegemea zaidi halijoto. Kwenye nyuzijoto 0 za Selsiasi ni takribani mita 331 kwa sekunde, na kila nyuzijoto inayoongezeka huizidishia karibu mita 0.6, hata ikafika mita 343 hivi kwenye nyuzijoto 20. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini sehemu ya wimbi iliyo katika hewa ya joto hutangulia na iliyo katika hewa ya baridi hubaki nyuma, na wimbi zima huelekea upande uliobaki nyuma, kama safu ya gwaride inavyogeukia upande wa askari wanaofupisha hatua. Hewa ikiwa imetulia, basi, sauti hupinda kuelekea kwenye baridi.

Mchana wa jua kali ardhi huipasha joto hewa iliyo chini, nayo sauti hupinda kwenda juu, ikimwacha msikilizaji wa mbali katika kile kinachoitwa kivuli cha sauti: chanzo anaweza kukiona kwa macho, lakini hakisikii. Juu ya bahari mambo huweza kuwa kinyume, hasa hewa ya joto itokayo nchi kavu inapotandaa juu ya maji yenye baridi. Hapo sauti hupinda kwenda chini, hugonga maji, hudunda na kupinda tena. Maji hurudisha karibu nguvu yote ya sauti inayoyafikia, tofauti na nyasi au mchanga mkavu, ambavyo huinyonya. Kwa kawaida sauti ya chanzo kimoja hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu. Ikibanwa hivi baina ya maji na hewa ya joto iliyo juu, upungufu huo huweza kukaribia desibeli 3 tu.

Upepo nao husemwa kwamba hubeba sauti, na usemi huo hauelezi jambo lenyewe. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ni mdogo sana ukilinganishwa na mita 343. Kinachotenda kazi, kama mwanafizikia George Stokes alivyoeleza mwaka 1857, ni kwamba upepo huenda polepole karibu na uso wa dunia na kasi zaidi juu yake, kwa hiyo sauti inayofuata upepo hupindishwa chini, na inayoukabili hupindishwa juu. Mchana, upepo unapotoka baharini, watu wa ufukweni huzisikia vizuri sauti za vyombo, ilhali walio vyomboni hawazipati za mji. Usiku, upepo ukianza kutoka nchi kavu, hali huelekea kugeuka.

Kuhusu ukungu, watu wengi huamini kwamba huzima sauti. Mwanafizikia John Tyndall aliichunguza imani hiyo mwaka 1873 huko South Foreland, karibu na Dover, Uingereza, akagundua kwamba baadhi ya siku angavu zilikuwa mbaya zaidi kwa honi kuliko siku za ukungu. Maelezo yake kuhusu sababu yalibishaniwa, lakini uchunguzi wenyewe ulikuwa wa thamani. Ukungu mara nyingi huja na hewa tulivu, baridi ikiwa chini na joto juu, yaani hali ileile inayoipeleka sauti mbali.

Unyevu una nafasi yake pia, ingawa ni ndogo zaidi: hewa kavu huzinyonya sauti nyembamba zaidi kuliko hewa yenye unyevu inavyozinyonya, na sauti nzito hupungua kidogo tu katika hali zote mbili, ndiyo maana honi za ukungu, zinazoonya meli zisizoweza kuona mbele, hutengenezwa ziwe nzito.

Kwa sababu hizo, kipimo cha kelele kilichochukuliwa bandarini bila kuandikwa upepo na halijoto hakifai kulinganishwa na kingine. Kanuni ya kimataifa ISO 9613-2 ya mwaka 1996 ilikokotoa kelele kana kwamba upepo unavuma kutoka kwenye chanzo kumwelekea msikilizaji, yaani hali isiyompunguzia kelele.